Mgeni akitaka kuijua jamii, asianzie kituo cha yatima

Ratiba za safari zinazoandikwa Arusha na Moshi siku hizi zina mstari mpya. Baada ya Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, kabla mgeni hajarudishwa KIA kupanda ndege, kuna siku moja iliyopewa jina la "siku ya jamii". Asubuhi ni kituo cha watoto yatima au shule ya msingi, mchana boma la Wamasai, jioni kikombe cha kahawa nyumbani kwa mkulima wa mlimani. Kampuni zinaipenda siku hiyo kwa sababu inauzika. Vyuo vya ng'ambo vinaleta wanafunzi wanaotaka kuona simba na papo hapo waandike ripoti kuhusu umaskini, jinsia na ardhi, na hata mtalii wa kawaida anaona haya kurudi kwao na picha za twiga peke yake. Hapa mjini mjadala umegawanyika. Wapo wanaosema utalii wetu umekomaa, kwamba hatimaye mgeni anatuona na sisi wenye nchi. Wapo wanaosema tunauza umaskini wetu kwa dola. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeteleza mahali pamoja: zote zinakubali bila kuhoji kwamba wanyama ni somo moja na watu ni somo jingine, kisha zinabishana kama hilo la pili liuzwe au lisiuzwe.

Mimi nasema safari ya kawaida, ile ya siku nne isiyo na "siku ya jamii" yoyote, tayari imebeba karibu kila suala kubwa la jamii ya Afrika Mashariki: ardhi, maji, ujira, haki za watu wa asili, fedha za umma na nani anazipanga. Tunayapita hayo yote kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa, dereva akisimulia habari za mimba ya tembo, halafu siku ya mwisho tunamtafutia mgeni jamii mahali ambapo hataielewa na pengine ataiumiza.

Utengano huu una historia. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai waliokuwa ndani yake wakahamishiwa upande wa Ngorongoro, eneo la kilomita za mraba 8,292 lililoanzishwa kwa ahadi kwamba huko mifugo, watu na wanyamapori wataishi pamoja. Miaka miwili baadaye, Septemba 1961, Nyerere alitoa hapa Arusha tamko lake la uhifadhi, akiahidi kwamba taifa lililokuwa linakaribia uhuru litawalinda wanyama kwa niaba ya wajukuu wa Watanganyika. Mwaka 1963 chuo cha Mweka kikafunguliwa juu ya Moshi kufundisha wataalamu wa Kiafrika kazi hiyo. Ilikuwa kazi kubwa, na imefanyika. Ila bidhaa tuliyoitangaza duniani tangu hapo ni nyika isiyo na mtu. Katikati ya miaka ya 1990 ikaja programu ya utalii wa kitamaduni iliyosaidiwa na shirika la Kiholanzi la SNV, na vijiji kama Ng'iresi, Longido na Mto wa Mbu vikaanza kupokea wageni vyenyewe, kwa mapato yao. Naisifu programu ile, kwani ilimwondoa mwanakijiji kwenye kundi la mandhari. Hata hivyo ilikuja kama kiambatisho: utamaduni ukapewa nusu siku yake, wanyama wakabaki na siku zao. "Siku ya jamii" ya leo ni mjukuu wake, na mjukuu mwenyewe kidogo ameharibika.

Nianze na safari fupi kuliko zote, ile ya siku moja kwenda Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Gari linatoka Usa River, linapita Ngongongare, linaingia kwenye uwazi ule tunaouita Serengeti Ndogo, ambapo twiga na pundamilia wanakula huku basi la abiria likipita na magunia ya nyanya juu, kwa sababu barabara hiyo ni ya umma na inaendelea hadi Ngarenanyuki. Mgeni anapelekwa maziwa ya Momella kuwatazama heroe. Anaambiwa, na ni kweli, kwamba maji yale ni ya magadi kwa sababu ya miamba ya volkano ya Meru. Asichoambiwa ni kwamba volkano hiyohiyo imejaza madini ya floraidi kwenye chemchemi na visima vya watu wanaoishi pembeni. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango chake kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kiwango chetu cha taifa kwa miaka mingi kiliruhusu hadi 4, kwa sababu ya kawaida tu kwamba sehemu kubwa ya maji ya kanda hii yasingefaulu kipimo cha dunia. Floraidi hiyo ndiyo sababu ya meno ya kahawia kuanzia Maji ya Chai hadi Ngarenanyuki, na kwa watoto wengine miguu iliyopinda. Kijana mmoja wa Maji ya Chai anayeendesha wageni aliwahi kunisimulia, akicheka, kwamba mtalii mmoja alimwachia bakshishi pamoja na miswaki minne. Mtalii yule alikuwa ametoka kuangalia heroe saa mbili nzima. Somo la maji, la afya ya watoto na la jinsi serikali zinavyopanga viwango kwa kuangalia mfuko lilikuwa mbele ya darubini yake, na hakuna aliyemgeuzia kichwa.

Barabara hiyo ina jambo jingine. Mwishoni mwa 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, yaani Ngarenanyuki hiyohiyo, ili ardhi yao igawiwe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, na mwaka 1952 akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Nyerere mwenyewe kwenda kuongea pale. Ardhi haikurudi kwa hotuba ile, lakini kesi ya Wameru iliwaamsha wengi nchini kote na ni sehemu ya njia iliyotufikisha kwenye TANU, chama kilichopigania uhuru. Ningependa kujua ni magari mangapi yanayopita Momella kwa mwaka ambamo jina la Kirilo hutajwa. Nakisia machache sana, na sidhani kwamba madereva hawalijui. Wengi wao ni Wameru.

Sasa twende magharibi, njia ya msafara wote. Kabla gari halijaiacha Arusha kwa Barabara ya Dodoma linapita makao ya TANAPA, mamlaka ya hifadhi za taifa, na ndani ya eneo hilohilo, kwenye jengo lililopewa jina la Mwalimu Nyerere, ndiko iliko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Yaani mahakama ya haki za bara zima imekuwa mpangaji kwenye uwanja wa mamlaka ya hifadhi. Sijui kama yupo mwandishi wa riwaya angethubutu kubuni kitu hicho. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba Kenya ilivunja haki za Waogiek kwa kuwafukuza msitu wa Mau kwa hoja ya kuulinda msitu. Tarehe 23 Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia, jumla ya shilingi za Kenya milioni 157.85, na ardhi yao itambuliwe. Sasa angalia kalenda. Mwezi huohuo wa Juni 2022, Loliondo, upande wa kaskazini wa mkoa wetu, vyombo vya dola vilikuwa vinaweka vigingi kuzunguka kilomita za mraba 1,500 zilizotengwa kwa uhifadhi, kukatokea makabiliano, askari akauawa kwa mshale na wananchi wakajeruhiwa. Mwezi huohuo familia za kwanza kutoka Ngorongoro zilipanda mabasi kuhamia Msomera, Handeni. Mwanafunzi aliyekuja kusoma "haki na uhifadhi Afrika Mashariki" anaweza kusimamishwa dakika ishirini nje ya geti lile akapata mhula mzima. Badala yake gari linasimama mbele kidogo, kwenye duka la vinyago.

Hapo ndipo naulizwa: kwa hiyo unataka mgeni aambiwe hifadhi ni wizi wa ardhi? Hapana, na hapa natofautiana na baadhi ya wanaharakati ambao wangependa simulizi iishie kwenye vigingi. Serikali nayo ina hoja Ngorongoro, na haifai kupuuzwa. Mwaka 1959 wakazi walikuwa kama 8,000. Sasa takwimu za serikali zinataja zaidi ya 100,000, na mifugo imeongezeka vilevile. Ndani ya eneo kilimo kimekatazwa, kwa hiyo familia isiyo na ng'ombe wa kutosha haina pa kugeukia, na umaskini huo unawaumiza wakazi wenyewe kwanza. Wakazi nao wana jibu zito: waliahidiwa kubaki hapo walipoiachia Serengeti, idadi ya watu imeongezeka Tanzania nzima na si kwao peke yao, hoteli kwenye ukingo wa kreta haziitwi mzigo kwa mazingira, na uhamaji wa hiari unakuwa wa hiari kiasi gani pale ambapo huduma za shule na zahanati zinapunguzwa unakoishi. Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Ngorongoro, Wamasai kwa maelfu wakajaa kwenye barabara ya kwenda Serengeti, Mahakama Kuu hapa Arusha ikasimamisha tangazo lile, na Desemba Rais akatangaza tume mbili, moja ya mgogoro wa ardhi na nyingine ya uhamishaji. Ukimweleza mgeni haya yote mawili, yote kwa uzito wake, atashuka kreta akiwa na swali ambalo sisi wenyewe hatujalimaliza. Hiyo kwangu ndiyo elimu. Kumpa jibu lililopikwa, la upande wowote, ni kumtangazia biashara nyingine.

Kabla ya kufika huko amepita Kwakuchinja, ushoroba wa wanyama kati ya Tarangire na Manyara, ambapo vijiji vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Burunge vimetenga ardhi yao ili nyumbu na tembo wapite, kwa makubaliano ya kugawana mapato ya utalii. Hapa mgeni anapiga picha tembo akivuka barabara. Mkulima wa upande wa pili anapiga hesabu ya mahindi. Kanuni za mwaka 2011 zilimwekea kifuta jasho cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea umbali wa shamba kutoka hifadhini, kwa ekari zisizozidi tano, na aliyelima ndani ya mita 500 kutoka mpakani hakustahili kitu. Familia ya aliyeuawa na mnyama iliwekewa shilingi milioni moja. Viwango vimezungumzwa sana bungeni tangu hapo, na bado mkulima atakwambia kwamba hata hicho kidogo huchelewa. Upande wa pili wa hesabu uko getini: mgeni mtu mzima hulipa dola 60 kuingia Ngorongoro, na gari hulipa dola 250 kushuka kreta mara moja, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Kwa hiyo gari moja lenye wageni wanne linaacha getini asubuhi moja karibu dola 500. Fedha hizo huenda wapi? Mwaka 2020 Sheria ya Fedha iliyahamishia mapato ya TANAPA na ya Ngorongoro kwenye Mfuko Mkuu wa serikali, na tangu hapo mjadala wa kiasi gani kirudi kuendesha hifadhi na miradi ya ujirani mwema haujatulia. Dereva aliyeshika risiti mkononi ana somo la bajeti ya nchi kavukavu. Anaikunja, anaitia kwenye dashibodi, safari inaendelea.

Moshi hali ni ileile, isipokuwa kule somo linatembea kwa miguu na limebeba mzigo kichwani. Mgeni anayepanda Kilimanjaro huishi siku sita au saba na wafanyakazi wanaomzidi idadi mara tatu au nne, wale vijana wanaojiita wagumu. Mzigo umewekewa kikomo cha kilo 20 na hupimwa getini. Tangu 2003 lipo shirika pale Moshi, KPAP, linalofuatilia ujira wao, chakula chao na mahema wanayolala, na kampuni zinazokubali kukaguliwa zinajulikana. Mgeni anayetaka kujua ajira ya vijana Afrika Mashariki ikoje hahitaji warsha. Amuulize mgumu wake jana amekula mara ngapi, analala wangapi hemani, na mshahara wa mlima uliopita umelipwa lini. Majibu yatatofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, na tofauti hiyo ndiyo sera ya ajira tuliyonayo, yaani soko likiachwa lijiamulie. Kahawa nayo ipo palepale, na ushirika wa KNCU uliozaliwa 1933 kwa ajili ya mkulima mdogo, lakini hilo lingehitaji makala yake.

Sasa turudi kwenye ile asubuhi ya kituo cha yatima, kwa sababu ndiyo sehemu inayosifiwa zaidi na inayonikera zaidi. Watetezi wake wanasema mgeni anaguswa, anatoa, na watoto wanapata unga na madaftari. Sikatai kwamba unga unafika. Nahoji unachosababisha. Tafiti katika nchi nyingi zimeonyesha kwamba watoto wengi walioko kwenye vituo vya namna hii wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Kilichowapeleka kituoni ni ufukara na ahadi ya shule. Kituo kinachoishi kwa wageni kinahitaji watoto, na kinahitaji waonekane wahitaji. Mtoto anayejifunza kumkumbatia mgeni mpya kila Jumanne, kisha kumpungia mkono mchana wake, anafundishwa jambo kuhusu mapenzi ya watu wazima ambalo hakuna mzazi angependa mwanawe alijue. Sheria yetu ya Mtoto ya 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni na inaiweka familia mbele. Australia mwaka 2018 ilitunga sheria ya utumwa mamboleo, na katika mjadala wake biashara ya watoto wa vituo iliwekwa wazi bungeni mwao. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilionya kuhusu watalii na watu wa kujitolea kwenye vituo vya yatima. Wageni wetu wengi wanatoka nchi ambazo mtu asiyefahamika haruhusiwi hata kusogea geti la shule bila kibali. Wanakuja hapa wanaingia darasani na kamera, na sisi tunawashikia mlango. Ile methali ya mgeni njoo mwenyeji apone haikuwa na maana hiyo.

Boma la kitalii ni kesi nyingine, na sitaliweka kapu moja na kituo cha yatima. Pale ni watu wazima wanaouza kazi yao: ngoma, shanga, maelezo. Hakuna aibu hapo, kama hakuna aibu kwa mwimbaji wa hotelini. Malalamiko ya miaka mingi ni mengine: kwamba mgeni analipa fedha nzuri kwa gari zima na sehemu kubwa inaishia kabla ya kufika kwa akina mama walioimba. Pia kwamba mwenyeji anatakiwa kuigiza mwaka ambao haupo, simu ifichwe, pikipiki isogezwe nyuma ya zizi, mtoto anayesoma sekondari Monduli asitajwe. Hapo ndipo hoja ya "kuuza umaskini" inapopata nguvu, na naikubali kwa kiasi hicho. Mwenye boma akiulizwa kuhusu bei ya ng'ombe mnadani, kuhusu ukame wa mwaka juzi, kuhusu binti yake na mahari, atajibu kama mtu anayefikiri. Akiulizwa aruke juu, ataruka.

Hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi yangu haitoki kwa wanaharakati wala serikalini. Inatoka kwa mwenye kampuni. Ana mkopo wa Land Cruiser mbili, leseni ya kila mwaka, na mgeni aliyelipa maelfu ya dola kwa likizo ambayo labda ataipata mara moja maishani. Mgeni huyo, anasema, amechoka na habari mbaya za kwao. Mwache aone duma apumzike. Anaongeza kwamba dereva wake analipwa kwa siku na bakshishi ndiyo inayosomesha watoto, hivyo neno moja la kisiasa likimkera mgeni, ni ada ya muhula imepotea. Hilo ni kweli na ndiyo sababu sipendekezi mihadhara. Hakuna anayetaka dereva ageuke mwalimu wa uraia kuanzia Kisongo hadi Seronera. Lakini mwenye kampuni anasahau kwamba mgeni tayari anauliza. Kati ya Makuyuni na Mto wa Mbu, mtu yeyote mwenye macho huuliza kwa nini mtoto wa miaka minane anachunga ng'ombe saa nne asubuhi siku ya shule, nani mwenye ardhi hii, na kwa nini upande huu wa barabara kuna nyasi na ule hakuna. Swali limeshatoka. Kilichobaki ni dereva awe na jibu na asiogope kulitoa.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kwamba kuzungumza haya ni kuchafua jina la nchi. Inasemwa na watu wazito, kwa hiyo inastahili kujibiwa, lakini haina miguu. Agosti 2024 wageni walikwama ndani ya magari kwenye barabara ya Ngorongoro wakiwatazama waandamanaji kwa macho yao. Je, dereva alipaswa kuwaambia ni sherehe? Mwaka huohuo Benki ya Dunia ilisimamisha fedha za REGROW, mradi wa kukuza utalii kwenye hifadhi za kusini, baada ya malalamiko ya wananchi wa Ruaha, kisha mradi ukafutwa, na habari hizo zilisomwa London na Berlin kabla ya kusomwa Karatu. Mgeni anafika akiwa ameshaambiwa upande mmoja. Anapomuuliza mwenyeji wake na mwenyeji akabadilisha mazungumzo, anahitimisha kwamba yale aliyosoma yote ni kweli na mengine zaidi. Na kama habari hizi zingekuwa zinafukuza watalii kwa kiasi kinachodaiwa, tungeona kwenye hesabu: wageni wa kimataifa walikuwa milioni 1.8 mwaka 2023, na mwaka 2024, mwaka wa maandamano na wa REGROW, wakafika milioni 2.14. Jina la nchi lilibeba mzigo huo bila kuvunjika. Ajabu ni kwamba tunamwamini mgeni kukaa mita kumi kutoka kwa simba ila hatumwamini kusikia habari za kesi ya ardhi.

Kinachofuata kutokana na hayo kinagusa mifuko zaidi ya ratiba. Kama somo la jamii liko barabarani na getini, basi mwalimu ni dereva, na mwalimu huyo leo anapimwa kwa majina ya ndege na uwezo wa kumpata chui. Vyuo vinavyomwandaa, kuanzia Mweka hadi vile vidogo vya mitaani hapa Arusha, vingeweza kumwongezea sheria ya ardhi ya vijiji, historia ya Ngarenanyuki na jinsi mapato ya hifadhi yanavyogawanywa, kwa muda usiozidi ule anaotumia kukariri aina za swala. Shida kubwa iko kwenye mkataba. Mtu anayelipwa kwa siku, anayeitwa msimu wa Juni na kuachwa Aprili mvua zikianza, hatazungumza wazi kuhusu kitu chochote ambacho bosi au mwenye mamlaka anaweza kukichukia, hata akisomeshwa Harvard. Ukimya tunaoulaumu kwa woga wa kisiasa kwa sehemu kubwa ni woga wa kukosa kazi wiki ijayo. Hiyo nayo, kwa mwanafunzi aliyekuja kusoma masuala ya jamii, ingekuwa sura ya kwanza ya ripoti yake.

Vituo vya yatima viondolewe kwenye ratiba kabisa, na kampuni yenye moyo wa kutoa ipeleke fedha ustawi wa jamii wa halmashauri au kwa familia zinazolea, bila mgeni kuona sura ya mtoto. Maboma na vijiji vilipwe kwa bei iliyobandikwa ukutani, kwa akaunti ya kikundi, na mwenyeji aruhusiwe kuvaa saa yake. Na ankara ya safari ioneshe mgawanyo: ada za hifadhi kiasi gani, kijiji kiasi gani, dereva kwa siku kiasi gani, mgumu wa mlimani kiasi gani, kampuni inabaki na ngapi. Nimewahi kulitoa pendekezo hili kwa wenye kampuni wawili watatu ninaofahamiana nao. Hakuna aliyepinga mstari wa ada za hifadhi, wala wa kijiji. Walipofika kwenye mstari wa dereva, mazungumzo yalihamia kwenye bei ya dizeli.